Mtera Lifungwe, Kidatu Linywe: Hesabu ya Maji ya Ruaha Mkuu

Bwawa la Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania, lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 1975, hesabu ilikuwa tayari inaonyesha kwamba peke yake halitaweza. Maji yake yanayoweza kutumika ni takriban mita za ujazo milioni 125. Mitambo yake minne, yenye jumla ya megawati 204 tangu awamu ya pili ikamilike mwaka 1980, ikiwashwa yote hunywa kama mita za ujazo 140 kila sekunde. Gawanya: siku kumi na bwawa limekwisha. Kwa mto unaofurika Machi na kusinyaa Oktoba, akiba ya siku kumi ni sawa na kukosa akiba.

Ndiyo sababu likajengwa Mtera, juu zaidi katika Ruaha Mkuu huo huo, pale Iringa inapopakana na Dodoma. Hili ndilo ghala lenyewe. Kati ya kina cha juu cha mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na kina cha chini cha mita 690 kinachoruhusiwa kwa uzalishaji, linabeba kama mita za ujazo bilioni 3.2. Kwa miaka minane ya mwanzo, kuanzia 1980 hadi 1988, Mtera halikuwa na mtambo hata mmoja wa umeme. Lilikuwa linashika maji ya masika ili Kidatu lisikauke kiangazi, basi. Uendeshaji wake ulikuwa rahisi kueleweka, kwa kuwa kufungulia maji Mtera hakukuwa na faida yoyote isipokuwa Kidatu limeyahitaji.

Mwaka 1988 Mtera nalo likapata mitambo yake, megawati 80. Uamuzi ulikuwa wa busara: maji yanashuka kama mita mia moja pale, na kuyaacha yashuke bure ni hasara. Lakini kuanzia siku hiyo lango la Mtera likawa na thamani mbili, na thamani hizo huvutana. Mtu wa zamu anayetakiwa kutoa megawati jioni hii ana sababu ya kufungua. Kidatu linalohitaji maji Septemba lina sababu ya kumwomba asifungue.

Mvutano huu unapimika. Mita moja ya ujazo ikishuka Mtera huzaa takriban uniti 0.23 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Ikifika Kidatu na kushuka mita 175 hivi, huzaa nyingine 0.4. Maji yanayopita mabwawa yote mawili vizuri huleta uniti 0.63. Sasa chukua siku ya masika ambayo Kidatu limejaa na linamwaga. Ukifungulia Mtera siku hiyo unapata uniti 0.23, halafu mita hiyo ya ujazo inafika Kidatu, inakuta bwawa limefurika, inapita juu ya milango bila kuzungusha kitu. Ungeibakiza hadi Agosti ungepata 0.63. Umeuza zaidi ya nusu uniti kwa bei ya robo, na muuzaji mwenyewe hana habari, kwa sababu mita ya umeme pale Mtera inaonyesha ongezeko. Hasara imeandikwa kilomita nyingi kushuka mtoni, katika daftari la mtu mwingine.

Tena Kidatu masika halina njaa. Kati ya mabwawa haya mawili inaingia mito ambayo haina bwawa lolote, Lukosi na Yovi, inayoshuka kutoka kwenye milima yenye mvua nyingi. Anayepita barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro anaijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu vyake. Vinamwagiliwa kutokana na maji hayo hayo. Mvua zikiwa nzuri, maji ya kando yanaweza kulisha Kidatu kwa sehemu kubwa bila Mtera kuguswa. Kanuni ya mfumo mzima kwa hiyo ni fupi: wakati wa mvua Mtera lifungwe au lipunguzwe kabisa, Kidatu linywe Lukosi na Yovi; mvua zikikatika, Mtera lifunguliwe kwa kiasi kile tu Kidatu linachoweza kumeza. Umeme wa Mtera ni faida ya njiani. Ukiugeuza kuwa lengo, mfumo unaanza kujila.

Miaka ya mwanzo ya 1990 nchi iliingia gizani. Mgao wa umeme ulirudi tena na tena, viwanda vikasimama, na mwaka 1995 serikali ikatia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL wa kuzalisha umeme kwa mafuta mazito. Mtera lilikuwa limeshuka vibaya. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa mbili zikiunganishwa: ukame, na wakulima wa mpunga wa Usangu walioko juu ya mto. Baadaye watafiti, wakiwemo Machibya, Lankford na Mahoo katika andiko lao la mwaka 2003, waliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: je, ushindani huu wa maji ni wa kweli au wa kudhaniwa? Wengine waliiga mwenendo wa mabwawa haya kwenye kompyuta, wakilinganisha maji yaliyoingia na yaliyotoka. Picha iliyojitokeza ni kwamba uendeshaji wa malango wenyewe ulichangia pakubwa upungufu ule, na kwamba maji yaliyofunguliwa Mtera na kupotea yalikuwa na uzito katika hesabu kuliko lawama za hadharani zilivyokubali.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu lawama ile ilikuwa na miguu. Ilitembea hadi kwenye sera. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakisukumwa hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 ardhi oevu ya Ihefu iliingizwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa Ruaha. Katika hatua hizo, umeme wa Mtera ulitajwa miongoni mwa sababu. Watu walipoteza makazi kwa hoja ambayo haikuwa imepimwa kwa lita.

Basi tuipime. Kuhusu Usangu kuna madai mawili ambayo kwa miaka mingi yamesemwa kama dai moja. La kwanza ni kwamba mto unakatika kiangazi ndani ya hifadhi. Hili ni kweli, na ni msiba. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila mwaka kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na viboko hubaki wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Chanzo chake kinajulikana. Maji ya Usangu hutoka Ihefu kupitia kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone linalovuka. Mabanio ya umwagiliaji ya juu yakichukua maji ya Agosti hadi Novemba, Ihefu linashuka, mwamba unabaki mkavu. Hapa mkulima anahusika, pamoja na bustani na vinyungu vinavyolimwa kiangazi huko milimani.

Dai la pili ni kwamba maji hayo hayo ndiyo yanayolinyima Mtera umeme. Hapa hesabu inakataa. Ili mto usikatike hifadhini, kinachotakiwa kutoka Ng'iriama ni kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Zidisha kwa siku 120 za ukame: unapata mita za ujazo milioni 5 na kidogo. Weka kiasi hicho mbele ya bilioni 3.2 za Mtera. Hakifiki hata moja ya tano ya asilimia moja. Hata kile kinachotakiwa kuingia Ihefu ili nusu mita hiyo ivuke, ambacho watafiti walikadiria kuwa kama mita za ujazo 7 kwa sekunde, kwa miezi mitano ni pungufu ya milioni 100. Kwa kiboko ni uhai. Kwa gridi ya taifa ni umeme wa siku chache tu.

Mtera linajazwa na masika. Zaidi ya nusu ya maji yake huja na Ruaha Mkuu, mengine na Ruaha Mdogo na Kisigo, na karibu yote hufika kati ya Desemba na Mei. Majaruba ya Mbarali, Kapunga na Madibira nayo hunywa sana wakati huo, na sitaki kusema kwamba hayahesabiki. Yanahesabika, hasa mwaka wa mvua haba. Lakini aliyetaka kuokoa umeme alipaswa kuzungumza na wakulima kuhusu Februari, naye akazungumza nao kuhusu Oktoba.

Utofauti huu wa majira ungefaa kuongoza hata ujenzi wa mabanio. Banio la kienyeji lilikuwa la miti, nyasi na udongo. Lilivuja, na kile kilichovuja kilimfikia jirani wa chini. Miradi ya uboreshaji ilileta zege na milango ya chuma, na kwa nia njema kabisa ikampa mkulima wa juu uwezo wa kuchukua mto mzima wakati umebaki kijito. Juu ya hilo, hati za kutumia maji ziliandikwa kwa lita kwa sekunde. Hati ya lita 200 ina maana gani siku mto una lita 150? Kwa aliye juu ina maana kwamba yote ni yangu, na kisheria.

Bruce Lankford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Bonde la Rufiji walipendekeza kitu ambacho bado nakiona bora kuliko yote yaliyofuata: masika kuwe na kikomo, banio lijengwe kwa ukubwa ambao hauwezi kuchukua zaidi ya kiasi fulani hata mto ukifurika, ili ziada iende Mtera; kiangazi kuwe na mgawo wa sehemu kwa sehemu, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi, mto uwe na maji mengi au kidogo. Ili wakulima waione hoja hiyo bila hotuba, walitengeneza ubao wenye mteremko, vijiti vikiwa mabanio, gololi zikiwa maji. Wa juu wakaweka vijiti vyao, gololi zikaporomoka, na wa chini wakaona mashimo yao yamebaki matupu. Kisha watu wakabadilishana nafasi. Katika mikutano mingi ya maji, aliye chini huwa anaonekana mlalamishi tu. Pale ubaoni kila mtu alikaa chini kwa zamu.

Mwendesha bwawa ana mshindani mwingine asiyehudhuria mkutano: jua. Mtera ni pana na halina kina kikubwa. Likijaa linafunika kama kilomita za mraba 600, katika ukanda mkavu ambako mvuke unaweza kuondoa karibu mita mbili za maji kwa mwaka. Lingebaki limejaa mwaka mzima lingepoteza zaidi ya mita za ujazo bilioni moja, yaani theluthi ya akiba yake. Kwa hiyo kulishikilia kwa woga nako ni gharama. Kanuni ya kufunga masika haisemi bwawa libaki juu siku zote. Inasema lipande kwa maji ya mvua na lishuke kwa mpango hadi mvua zinazofuata, likiacha kinga ya mwaka mmoja mbaya. Mwaka mbaya huja. Oktoba 2015 shirika la umeme, TANESCO, lilitangaza kuzima mitambo yake ya maji kwa kukosa maji mabwawani. Na kando ya Mtera kuna wavuvi ambao maisha yao yanapanda na kushuka na kina hicho, bila mtu kuwaambia mapema ratiba ya kushuka.

Hesabu zote hizi zimebadilika tena. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji juu ya bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa Desemba 2022 na lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mtera na Kidatu kwa pamoja ni megawati 284 mbele ya 2,115. Maji yanayomwagwa Kidatu leo hayapotei yote. Yanashikwa chini na kuzungusha mitambo kwa mara nyingine. Hilo linapunguza ukali wa kosa la zamani. Wapo watakaolitumia kusema kwamba Mtera sasa halina haja ya nidhamu. Naona kinyume chake. Mtera limepewa nafuu ambayo halijawahi kuwa nayo: halilazimiki tena kubeba taa za jioni za nchi nzima. Linaweza kuendeshwa kwanza kama akiba ya ukame, kwa ajili ya mto wenyewe, mashamba ya miwa ya Kilombero yanayotegemea maji chini ya Kidatu, na wavuvi wa kingo zake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani kwanza na mazingira yafuate, kabla ya uzalishaji. Zamani, nchi ikiwa gizani, mpangilio huo ulikuwa mgumu kuutii.

Kinachotakiwa ni kazi ya kila mwisho wa Aprili. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, TANESCO, Hifadhi ya Ruaha na jumuiya za watumia maji za Usangu wakutane wakiwa na kina cha Mtera mezani, wakubaliane kina kinachotarajiwa kila mwezi hadi Desemba, na jedwali hilo libandikwe kwenye ofisi za vijiji kuanzia Mbarali hadi Kidatu. Pembeni ya kila mwezi iandikwe namba ya pili: kiasi kilichovuka Ng'iriama. Namba hizo mbili zisijumlishwe.