Zeze la Maniema na Mikono Inayolijenga

Msafiri Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani ya Afrika Mashariki katikati ya mwaka 1857, akafika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, Februari 1858. Mengi aliyoyaandika juu ya watu wa bara yana dharau, na msomaji wa leo huyapita kwa hasira. Lakini katika kitabu chake cha 1860 kuna mahali ambapo jicho lake lilitulia na kufanya kazi kwa uadilifu, nako ni pale anapolieleza zeze la Wanyamwezi. Ametaja kibuyu na namna kilivyofungwa, mkono wa mti mwepesi wenye urefu wa kati ya sentimeta 45 na 60 hivi, vinundu vitatu vya kubonyezea uzi, na daraja la unyoya uliokunjwa ambalo hupandishwa au kushushwa ili kurekebisha sauti. Hata uzi wa pili, ule unaopita ubavuni na kuunguruma chini ya wa kwanza, hakuusahau. Kisha akaongeza kwamba mlio wa zeze unafanana na wa rababa ya Waarabu, ambayo yeye aliihesabu kuwa babu wa gitaa la Kihispania.

Ukoo huo haukubaliki kirahisi. Rababa hupigwa kwa upinde, na gitaa la Hispania lina wazee wake wengine. Hata hivyo inafaa kumshika Burton kwa neno lake. Kama zeze na gitaa la Andalusia, kusini mwa Hispania, vinaweza kutajwa katika sentensi moja, basi na mafundi wa vyombo hivyo wanastahili kupimwa kwa mizani moja.

Zeze halikubaki kwa Wanyamwezi. Misafara ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Mtoa, ikapanda magharibi hadi Maniema, mashariki mwa Kongo, kupitia Kabambare, ikaingia Kasongo na kuendelea hadi Nyangwe kwenye mto Lualaba. Livingstone alikwama Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, kati ya 1869 na 1871. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na mji ukabaki mikononi mwa watu wa pwani na washirika wao hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, nguo, bunduki na shanga. Ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, na hakuna sifa ya chombo chochote inayoweza kufuta habari hiyo. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyelazwa na usiku porini alihitaji kitu cha kuimbia, na zeze ni jepesi, halimzidishii mzigo. Wataalamu wengi wa ala za muziki wanakubaliana kwamba ni kwa misafara hii zeze lilisambaa mashariki mwa Kongo. Ndugu zake wanaonekana Madagaska, na ng'ambo ya Bahari ya Hindi katika visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kumbe chombo kinachoegemezwa kifuani huko Kabambare kina safari ndefu kuliko ya Livingstone.

Kazi yenyewe ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini.

Kinachoanza ni kibuyu, na kibuyu hakilazimishwi. Huvunwa kikiwa kimekomaa, huachwa kikauke hadi mbegu zigongane ndani, ndipo hukatwa na kukwanguliwa. Kila kimoja kina unene wake na tumbo lake. Chenye ukuta mnene huzuia mlio, na chembamba mno hupasuka kabla ya kufika ngomani. Fundi hukigonga kwa kucha, akasikiliza, akakwangua tena kidogo. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Sikio ndilo linalomwambia aache. Na sababu yake inaeleweka vizuri hata kwa mtu wa fizikia: uzi peke yake ni mwembamba, hausukumi hewa ya kutosha kusikika hatua tano mbele. Hewa iliyomo ndani ya kibuyu ndiyo inayotikisika pamoja nao na kuukuza. Mpigaji huelekeza mdomo wa kibuyu kwenye mwili wake, akikisogeza na kukirudisha, na kila anapofanya hivyo sauti hufunguka au hujifunga. Mwili wa binadamu umekuwa sehemu ya ala. Kwa hiyo zeze linalomfaa mtu mwenye kifua kipana si lazima limfae kijana mwembamba, na fundi mwema humtazama mteja wake kabla ya kuchagua kibuyu.

Halafu unakuja ufito bapa, ule mkono wa mti alioutaja Burton. Kusini mwa Maniema, ambako msitu mkubwa unaachia nafasi kwa mbuga na vichaka vya kando ya mito, miti laini na migumu inapatikana kwa mwendo mfupi, lakini hapa unatakiwa mti mwepesi ambao haupindi ukikauka. Fundi huuchonga kwa tezo ndogo na kisu. Kwenye ncha moja anaacha vinundu vinavyosimama kama meno, na hapo ndipo ustadi wote unapohukumiwa. Katika gitaa, freti, zile pau ndogo za chuma shingoni, huwekwa baada ya ubao kuwa tayari; ikikosewa moja, hung'olewa na kurudishwa. Vinundu vya zeze ni mti uleule wa ufito. Hakuna cha kung'oa. Kisu kikizidi unene wa ukucha, noti imepotea, na fundi anaanza upya na mti mwingine. Nafasi kati ya kinundu na kinundu hazifuati hesabu ya kiwanda, ile inayogawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Zinafuata wimbo ambao fundi anaujua, uliokwisha kukaa kooni mwake kabla haujafika mkononi.

Nyuzi zilikuwa za mmea, kwa mfano zile zinazochunwa kwenye majani ya mwale. Baadaye ukaja waya. Katika nchi ambako baiskeli imebeba mawese, mchele na wagonjwa kwenye njia zisizopitika kwa gari, kebo ya breki iliyochakaa haitupwi: husukuliwa, na uzi mmoja mmoja wa chuma hunyooshwa ukawa uzi wa ala.

Sasa twende Hispania. Mtengenezaji wa magitaa Antonio de Torres alizaliwa karibu na Almería mwaka 1817, akafa 1892, na magitaa karibu yote ya kisasa, ya klasiki na ya flamenco, yanafuata umbo alilolikamilisha yeye. Gitaa la flamenco, muziki na ngoma ya Andalusia, kwa desturi lilijengwa kwa mberoshi, mgongoni na ubavuni. Mberoshi ulikuwa mti wa nyumbani, wa bei nafuu, wakati miti ya fahari ililetwa kwa meli kutoka mbali. Wapigaji wa flamenco, wengi wao wakiwa Wagitano, yaani Wajipsi wa Hispania, na watu wa kipato kidogo, walinunua walichoweza. Ikatokea kwamba mti huo mwepesi unatoa mlio mkavu, mkali, unaowahi kufika na kuwahi kuondoka, na ndio hasa anaouhitaji mpigaji anayefuata visigino vya mcheza ngoma. Nyuzi hukaa chini sana, karibu kugusa freti, hivi kwamba sauti inakwaruza kidogo. Mkwaruzo huo unapendwa. Anayeijua likembe ya Kongo, na vile vipete vya chuma vinavyovikwa kwenye vijiti vyake ili vizizime, hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwaka 1862 Torres alifanya jambo la ajabu. Alijenga gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi ngumu ya boksi. Ubao wa uso tu ndio aliouchonga kwa mti mzuri, kwa uangalifu wake wote. Alitaka kuthibitisha kwamba roho ya gitaa imo katika uso ule mwembamba, wenye unene wa milimeta mbili hivi, na katika mkono unaojua wapi pa kupunguza na wapi pa kuacha. Gitaa hilo bado limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Padri mmoja aliyekuwa rafiki yake alisimulia baadaye kwamba Torres, alipoulizwa siri yake, alionyesha kidole gumba na cha shahada: ndivyo vilivyomwambia ubao umefikia hali inayotakiwa. Kauli hiyo ingeeleweka bila mkalimani mbele ya mtu anayekwangua kibuyu huko Kabambare.

Tofauti iko kwenye heshima, wala si kwenye akili ya kazi. Huko Granada, kwenye mteremko wa Cuesta de Gomérez, karakana za magitaa zimejipanga njiani kuelekea Alhambra, na fundi hubandika karatasi yenye jina lake na mwaka ndani ya kila gitaa. Mteja husubiri miezi, wakati mwingine miaka, na hulipa bila kulalamika. Mpigaji mashuhuri wa flamenco Paco de Lucía alipopiga gitaa la karakana ya Conde Hermanos, dunia ilimtaja mpigaji na ikamtaja na mtengenezaji. Zeze halina karatasi yenye jina. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo, Jean-Sébastien Laurenty wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alichapisha utafiti mkubwa juu ya ala za nyuzi za Kongo, Rwanda na Burundi. Ni kazi ya thamani. Lakini katika makusanyo ya namna hiyo ala huandikwa kwa jina la kabila na mahali ilipotolewa, na mara chache sana kwa jina la aliyeitengeneza. Hiyo ni hasara ambayo haiwezi tena kulipwa kwa mafundi waliokwisha kufa. Kwa walio hai inaweza kuzuiwa kwa kalamu tu.

Asije mtu akadhani kwamba gitaa la kiwanda ni adui. Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta na kumrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, aliimba kwa Kiswahili na kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada mambo ambayo wapigaji wa Ulaya waliyachunguza noti kwa noti. Ala yake ilikuwa gitaa la kawaida. Mkono hodari hauchagui. Lakini gitaa la bei rahisi linalofika Kasongo juu ya pikipiki, baada ya vumbi na mvua, ni mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, na unyevu wa Maniema huilegeza gundi hiyo. Likipasuka, hakuna aliyelijenga wa kulirudishia. Zeze likipata ufa, mwenyewe analirudisha kwa fundi aliyelichonga, anayejua kila kona yake, naye analifunga upya.

Kinshasa imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana hata katikati ya shida. Fundi anayejulikana kwa jina la Socklo amejenga magitaa kwa mikono yake kwa miaka mingi, na wanamuziki wa jiji wamepanda nayo jukwaani. Roger Landu wa kundi la Staff Benda Bilili alijitengenezea satonge kwa kopo, kijiti na uzi mmoja, na albamu ya kundi hilo ya mwaka 2009 ikaisikilizisha ala hiyo Ulaya na Japani. Rumba ya Kongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, miaka 11 baada ya flamenco. Sifa hizo zimeufikia muziki na wapigaji. Bado hazijamfikia mchonga ala wa vijijini, aliye mbali na studio na kamera.

Kabambare ina dhahabu ya Namoya na Salamabila, na hakuna wa kumlaumu kijana anayechukua sururu na kwenda kuitafuta, kwa kuwa siku moja ya bahati shimoni inaweza kumpa zaidi ya mwezi wa kuchonga. Kazi ya zeze itabaki tu kama italipwa. Shule za Kasongo zinaweza kumwita fundi afundishe saa za ufundi, kwa posho inayoeleweka. Redio za jamii zinaweza kurekodi zeze na kutangaza jina la aliyelijenga pamoja na la anayelipiga. Wana wa Maniema walioko Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa au Brussels, ambao hutuma pesa kwa ajili ya harusi na misiba, watume na za zeze moja: waagize kwa fundi mwenyewe, walipe nusu mbele, wakubali bei atakayoitaja, na waombe aandike jina lake na mwaka ndani ya kibuyu kabla hajakifunga.