Pangaboi la Rimoti Likigoma, Anzia Ukutani

Pangaboi jipya la rimoti likigoma, lawama huanzia kwenye rimoti, kisha huhamia kwa muuza duka. Katika kisa hiki cha nyumba moja ya zamani mjini Tanga, wote wawili walionewa.

Dalili zilikuwa hivi. Ukibonyeza kuwasha, resiva, yaani kifaa kinachopokea amri za rimoti, inalia pii na mapanga yanaanza kuzunguka. Kasi ya 1 na ya 2 hazina shida. Ukipandisha hadi ya 4, mota inaunguruma, mapanga yanalegea, kisha kila kitu kinazima. Muda mfupi baadaye pii nyingine inasikika bila mtu kugusa rimoti. Mwenye nyumba alibadilisha betri, hali ikabaki vile vile. Akalishusha pangaboi, akalirudisha dukani. Kule likatundikwa kwenye ndoano ya majaribio na kuzunguka kasi zote. Likarudi nyumbani, na ugonjwa ukarudi nalo.

Akaitwa fundi mwingine, si yule aliyelifunga. Fundi huyu wa pili hakukimbilia ngazi. Aliuliza maswali, akapata habari mbili za maana. Ya kwanza ni ile ya duka: pangaboi linalofanya kazi kule na kugoma hapa halina ugonjwa wake lenyewe; tatizo liko kwenye njia ya umeme ya nyumba. Ya pili ni zile pii. Resiva hulia inapopokea amri, na resiva nyingi hulia pia zinapopata umeme upya. Kwa hiyo pii ya kwanza inaitoa rimoti kwenye orodha ya watuhumiwa, maana amri imefika. Pii ya pili, isiyoagizwa na mtu, inaonyesha kuwa resiva ilikosa umeme, ikazima, ikawaka tena. Swali likabaki moja tu: ni nini kinachoupunguza umeme pale mota inapouhitaji zaidi?

Jibu lilikuwa ukutani. Karibu na mlango palikuwa na regyuleta ya zamani, lile boksi kubwa lenye kitasa cha namba 1 hadi 5, lililoendesha pangaboi lililotangulia. Fundi wa kwanza aliunganisha pangaboi jipya kwenye waya zile zile na kuiacha regyuleta mahali pake, kitasa kikiwa kwenye namba 2. Hesabu yake inaeleweka: kasi sasa inaamuliwa na rimoti, hivyo kitasa hakina kazi. Lakini hata kisipoguswa, kitasa hicho bado kiko katikati ya njia ya umeme.

Regyuleta za aina hiyo hupunguza kasi kwa kuweka ukinzani mbele ya mota. Pangaboi la kawaida huvumilia: volti zikishuka, linazunguka polepole, basi. Resiva haina uvumilivu huo. Ndani yake mna saketi ndogo ya kielektroniki inayotegemea volti 230 za nyumbani. Kwa kasi ya chini mota inavuta mkondo mdogo, ukinzani unakula volti chache, na resiva inapata za kuitosha. Kasi ikipanda, mkondo unaongezeka, na volti zinazoliwa zinaongezeka pamoja nao, mpaka zinazobaki hazitoshi. Resiva inazima, mota inaacha kuvuta, volti zinapanda tena, resiva inafufuka na kulia pii.

Kwa nini fundi wa kwanza hakuliona jambo hili? Kwa sababu alipima kwa tesita. Taa ikawaka, akasema umeme upo. Tesita huwaka hata volti zikiwa pungufu, tena yeye alipima mota ikiwa imesimama. Umeme katika hali hiyo ni kama bomba lililoziba nusu: koki ikiwa imefungwa presha unaikuta, ukiifungua maji yanatoka kwa unyonge. Fundi wa pili alitumia mita, akapima mara mbili kwenye waya zinazoingia kwenye resiva. Pangaboi likiwa limezimwa, volti zilikuwa sawa. Likiwa kasi ya 3, zikaanguka. Hapo akageuza kitasa hadi namba 5, ambapo kwenye regyuleta hiyo umeme hupita moja kwa moja bila ukinzani. Pangaboi likazunguka kasi zote.

Tiba ikawa kuzima breka, kuitoa regyuleta na kuweka swichi ya kawaida. Kuiacha kwenye namba 5 kusingetosha, kwa kuwa siku moja mtoto au mgeni angekigeuza kitasa. Regyuleta ndogo za kielektroniki nazo hazifai hapa: zenyewe hukatakata wimbi la umeme, na resiva inayolishwa wimbi hilo huweza kuungua kabisa. Tahadhari hiyo inazihusu pia inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini.

Kabla ya kurudisha kikombe cha juu kinachofunika waya, fundi alikagua rangi zake, na hapa pana mtego unaostahili kujulikana. Katika nyumba za zamani nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni nyutro. Katika nyumba mpya kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Lakini mapangaboi mengi yanayokuja na resiva hufuata mpangilio wa Marekani, ambapo nyeusi ndiyo moto na nyeupe ndiyo nyutro. Anayeunganisha nyeusi kwa nyeusi katika nyumba ya zamani amegeuza moto na nyutro. Pangaboi linaweza kuzunguka vizuri tu, huku mota ikibaki na umeme hata baada ya rimoti kulizima. Soma maandishi yaliyo kwenye resiva, usiamini rangi. Na waya zinazoingia zisibadilishane na zile zinazokwenda kwenye mota; kosa hilo ndilo linaloua resiva siku ile ile ya kufungwa.

Kuna dalili nyingine ambazo hazitokani na umeme wa ukutani. Resiva isiyolia kabisa wakati umeme umethibitishwa kwa mita huenda haijaunganishwa na rimoti yake: zima swichi, washa, kisha fuata utaratibu wa kwenye kijitabu, kwani resiva nyingi huipokea rimoti katika sekunde chache za mwanzo tu. Vyumba viwili vikiitika rimoti moja, badilisha msimbo wa kimojawapo. Mapanga yakizunguka kwa nguvu bila upepo kufika chini, tafuta kitufe cha kugeuza mzunguko. Na kama mota ni ya kisasa isiyo na brashi, zile zinazotumia takriban wati 30 badala ya 75, usikubali mtu yeyote aiunganishe moja kwa moja bila saketi yake ili kuijaribu. Jaribio hilo ni la mota za kawaida pekee.

Ukinunua pangaboi la rimoti kwa nyumba yenye kitasa ukutani, mwambie fundi kabla hajapanda ngazi: regyuleta itoke, swichi ya kawaida iingie, na vipimo vichukuliwe pangaboi likiwa linazunguka. Swichi ni nafuu kuliko resiva mpya.