Herufi 182 na Daftari la Wakala

Mtu ashukaye daladala pale Igoma, akasimama kando ya barabara iendayo Musoma na kubonyeza *150*00#, namba ya kufungua menyu ya M-Pesa, katika kitochi chake, aghalabu hatambui kuwa ametumia kompyuta. Ilhali mimi, niliyezoea kufanya shughuli zangu kwa maandishi matupu yasiyo picha wala madoido, sijaona chombo kitimizacho kazi kubwa hivi kwa maneno machache hivi.

Siri yake ni wepesi. Ujumbe mmoja wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, wala haupiti katika intaneti, bali hufuata njia ya ishara, ile ambayo mtandao huitumia kuunganisha simu. Tena hauwekwi akiba ukingoje kupelekwa, kama uwekwavyo ujumbe mfupi wa kawaida, maana mteja na mtambo huzungumza papo kwa papo, na achelewaye kujibu hana budi kuanza upya. Ndiyo maana Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, baada ya Safaricom kuianzisha Kenya mwaka 2007, simu yoyote ya bei nafuu ilitosha. Shurti mtungaji wa menyu apime kila neno: tuma pesa, toa pesa, namba ya siri, basi.

Lakini mtambo hautoi noti, azitoaye ni wakala. Mtaji wa wakala una mafungu mawili, fedha taslimu katika droo na floti, yaani salio lililomo katika simu: wateja wakitoa kwa wingi, noti humwishia, wakiweka kwa wingi, floti humwishia, na muda autumiao kulisawazisha fungu moja kwa jingine hauna kamisheni, kwani yeye hulipwa kwa muamala uliokamilika.

Adhuhuri moja nilimwona wakala, binti aliyeketi chini ya mwamvuli, akiamkiana na mzee mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee, macho hayaoni."

Akamsomea menyu neno kwa neno, na walipofikia namba ya siri akageuza uso upande wa barabara mpaka mzee alipomaliza. Kisha akazihesabu noti mara mbili, akaandika daftarini tarehe, namba ya simu na kiasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Usomaji ule, ambao bila huo herufi 182 zisingemfaa mzee kitu, sijui mhandisi gani aliutia katika hesabu yake.

Mteja wa pili alitaka shilingi 300,000. Noti hazikutosha. Binti akafunga droo, akamwomba jirani yake muuza nyanya amtazamie kiti, akapanda daladala kwenda mjini kugeuza floti kuwa noti.