Flipflopi: Jahazi la Plastiki Lililoniacha Mdomo Wazi

Jamani, wekeni kazi chini kwanza mlione jahazi hili! Jina lake Flipflopi, kwao ni Lamu, na mwili wake wote, kuanzia mkuku na mataruma hadi mbao za ubavuni, ni plastiki iliyokuwa taka. Takriban tani 10! Picha na video zake nimezitazama hapa Ikoma, Serengeti, nikazirudia tena na tena, na kila mara naona kipya cha kushangilia.

Tuanze na sura, maana ndiyo inayokukamata. Urefu wake unakaribia mita 10, na juu ni tanga la pembetatu lililoning'inia kwenye foromali, vilevile kama majahazi ya mwambao yalivyosafiri kwa karne nyingi. Kisha teremsha macho ubavuni: kandambili 30,000 zilizokusanywa na kubandikwa mwili mzima! Bluu, nyekundu, njano, kijani, chombo kimewaka kama kanga mpya za harusini. Likipita ufukweni, nani atabaki amekaa?

Lakini uhondo wenyewe uko ndani ya ufundi. Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, na wenzake walichukua plastiki iliyoyeyushwa na kutengenezwa mihimili na mbao, wakaichonga na kuiunga kwa maarifa ya wazee wao. Msidhani ni kazi rahisi. Plastiki hunepa kuliko mbao na hutanuka jua likiwaka, kwa hiyo taruma lililotosha kwenye mti halina dhamana hapa. Kwa upande mwingine, hainywi maji, haiozi, na wale wadudu wanaotoboa mbao baharini hawana cha kula. Hapo ndipo fundi anapoheshimiwa!

Nazipenda pia boti za faiba. Ni nyepesi na hazina mbao za kuoza. Ila faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ambayo ikishakauka haiyeyuki tena, na boti ikichoka inabaki mzigo ufukweni. Ubao wa plastiki wa Flipflopi ukivunjika, unaweza kuyeyushwa ukawa ubao mwingine. Kwangu mimi, sifa hii inazishinda zote.

Na je, linasafiri? Linasafiri haswa! Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi kwenye bahari ya kweli. Machi 2021 likatweka tanga Ziwa Victoria, likianzia Kisumu. Ziwa letu!

Nasema letu kwa sababu Mto Grumeti, unaokatiza nchi yetu ya Serengeti, unamwaga maji Ghuba ya Speke, ndani ya ziwa hilohilo. Chupa inayotupwa korongoni huku, mvua ikinyesha, ina njia ya kufika kwenye nyavu za wavuvi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, hatua kubwa kabisa, lakini chupa, ndoo zilizopasuka na kandambili zilizokatika bado tunazo tele. Flipflopi linatuonyesha kwamba hizo ni malighafi, na kwamba mjuzi wa kuzigeuza chombo ni fundi wetu mwenyewe, hatuna haja ya kumsubiri wa kutoka mbali.

Hukumu yangu? Alama zote! Ninachokitaka sasa ni mtumbwi wa uvuvi wa aina hii, wenye ukubwa na bei ya mvuvi wa kawaida. Mafundi wa Musoma na Bunda, tezo mnazo, ujuzi mnao, na taka za kuyeyusha tutawaletea sisi wa huku juu. Anzeni!