Shokapu Nzuri Hujulikana Inaporudi

Kijana akitoka gereji na pikipiki iliyofungwa shokapu mpya, wenzake kijiweni humfanyia mtihani uleule. Mmoja anajitupa kwenye siti kwa uzito wake wote. Pikipiki isipozama, wote wanaafiki: "Hii ngumu! Fundi kafanya kazi!" Nimeushuhudia mtihani huo Morogoro, Tanga na Dar es Salaam, na kila mara naona umepima kitu kisichohitajika. Ugumu si uimara. Shokapu imewekwa ili izame. Unachotakiwa kukitazama ni namna inavyorudi.

Mwongozo huu ni kwa yule anayependa kuboresha chombo chake, awe wa bodaboda anayebeba magunia mawili ya mahindi, awe wa Toyota iliyoinuliwa ili ipite kwenye mashimo. Nataka ukitoka kwa fundi uweze kusema kwa ushahidi: hii ni kazi, au hii imebandikwa tu.

Anayebeba na anayetuliza

Ndani ya shokapu kuna watumishi wawili. Springi inabeba uzito. Ukiibana inahifadhi nguvu, ukiiachia inairudisha karibu yote. Springi ikiachwa peke yake, pikipiki itadunda barabara nzima kama mpira. Oili ndiyo inayotuliza: inasukumwa ipite kwenye vitundu vidogo, na katika kupita huko nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Mwaka 1935 BMW ilitoa R12, pikipiki ya kuuzwa yenye shokapu za mbele za paipu zilizotulizwa kwa oili, na Boxer au TVS inayopakia abiria Mbagala leo inatumia kanuni hiyohiyo.

Hapo ndipo mabingwa wengi wa kuongeza ugumu wanapokosea. Wanaweka springi nene, au wanakata springi iliyopo. Springi iliyokatwa kweli huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko imepungua, lakini imekuwa fupi na hurudi kwa kishindo. Oili ile ya zamani haina uwezo wa kuituliza. Kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta mfululizo tairi linaanza kurukaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Shokapu yoyote, ya shilingi elfu chache au ya mamilioni, ina lengo moja: tairi lisiachane na ardhi. Starehe ya mgongo inakuja baada ya hapo.

Ya mbele: macho, kucha na kitambaa

Anza na paipu zinazong'aa. Chukua kitambaa cheupe ufute paipu, kisha panda, bana breki ya mbele, ukandamize usukani mara kumi. Futa tena. Alama hafifu ya unyevu si tatizo. Mviringo mzito wa oili una maana kwamba sili imechoka, au fundi ameweka sili mpya juu ya paipu yenye kasoro. Kasoro hiyo utaipata kwa ukucha: uteleze taratibu kutoka juu hadi chini, pande zote. Ukikwama mahali, hata pakiwa padogo kama chembe ya mchanga, hapo pana kutu iliyochimba. Sili mpya itakatwa hapohapo na utarudi gereji kabla ya mwezi kuisha. Fundi mzuri hukuonyesha doa hilo kabla hajapokea hela ya sili.

Sasa kandamiza tena kwa nguvu moja na uachie. Mbele inapaswa kupanda mara moja, kwa mwendo uliotulia, kisha isimame. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, oili ni nyepesi, imepungua au imechakaa. Ikipanda kwa kujivuta kama mtu anayeamka na homa, oili ni nzito kupita kiasi, na kwenye matuta yaliyofuatana itashindwa kurudi kwa wakati. Kila tuta litaikuta iko chini zaidi, hadi igonge mwisho.

Kuna alama nyingine ndogo inayonifanya nimheshimu fundi. Baada ya kurudisha gurudumu la mbele, hakazi kila kitu papo hapo. Anaacha bolti ya kubana ekseli ikiwa imelegea, anaishusha pikipiki chini, anaikandamiza mara kadhaa ili miguu miwili ya shokapu ijipange yenyewe, ndipo anakaza. Asiyefanya hivyo huacha paipu zikisuguana kwa upande, na utadhani shokapu ni ngumu kumbe imebanwa.

Spoku ya baiskeli

Kuhusu oili, nilifundishwa na mzee mmoja fundi pale Morogoro, chini ya mwembe uliokuwa gereji yake. Nilifika nikamwamkia, nikamwambia: "Mzee, naomba uniwekee oili nzito, nataka iwe ngumu."

Hakunijibu. Aliondoa kifuniko cha juu, akaivuta springi, akamwaga oili iliyokuwemo kwenye kopo. Ilitoka nyeusi, yenye chembe za chuma zinazometameta. Akaosha kwa petroli, akakausha, akamimina oili mpya, akaipandisha na kuishusha paipu mpaka vipovu vikaisha. Kisha akatoa spoku ya baiskeli iliyochorwa alama kwa tupa. Paipu ikiwa imeshushwa hadi mwisho na springi ikiwa nje, alizamisha spoku akasoma umbali kutoka mdomo wa paipu hadi usoni mwa oili. Akaongeza kidogo. Akasoma tena. Akafanya mguu wa pili, akailaza spoku kiganjani mwake, akanionyesha: unyevu umeishia kwenye alama ileile.

"Mwanangu," akasema, "ukipima kwa chupa unajua ulichomimina. Ukipima kwa spoku unajua kilichopo."

Alikuwa sahihi. Mguu mmoja huweza kubakiwa na oili ya zamani ambayo haikutoka, kwa hiyo vipimo viwili sawa vya chupa vikazaa miguu miwili tofauti. Tena hewa iliyobaki juu ya oili nayo hufanya kazi ya springi: ikibaki nafasi ndogo, shokapu inakuwa ngumu mwishoni mwa safari yake. Mwenye kujua anaweza kurekebisha ugumu kwa kupandisha au kushusha oili kwa milimita chache, bila kununua chochote.

Kwa hiyo uliza swali moja: "Umepimaje?" Oili ya shokapu yenye namba 10 inafaa pikipiki nyingi za kazi, na hidroliki nyepesi ya giaboksi hutumika bila aibu pale ambapo nyingine haipatikani. Lakini fundi akichukua oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, chukua pikipiki yako uondoke. Ile ina masizi na chembe za chuma, na zitakula sili na bushi zote mbili.

Ya nyuma: kimo kina gharama yake

Kwenye shokapu mbili za nyuma, tazama kwanza ringi yenye meno inayoshikilia springi. Pande zote mbili iwe kwenye jino moja. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, swingamu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, hupindishwa kila unapopita tuta, na bushi zake huisha upesi.

Kisha pima uzamaji. Gurudumu likiwa na safari ya sentimita 10, ukipanda na mzigo wako wa kawaida nyuma izame kama sentimita 3. Hapo gurudumu lina nafasi ya kupanda likikuta jiwe na nafasi ya kushuka likikuta shimo. Isipozama kabisa, kila shimo tairi litaliruka badala ya kulifuata. Ikizama zaidi ya nusu, kila jiwe litagonga mwisho. Dereva wa bodaboda apime akiwa na abiria, kwa sababu hayo ndiyo maisha ya pikipiki yake.

Niliwahi kupuuza hayo. Nilifunga shokapu ndefu, nyuma ikapanda, nikaipenda kwa macho. Gereji iliyonifungia haikuniambia kitu, nami sikuuliza. Nyuma ikiinuka, usukani unasimama wima zaidi, na pikipiki inapoteza ule utulivu unaoifanya ijinyooshe yenyewe. Kona za kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo zilinifundisha: usukani ulikuwa mwepesi mno, ukitikisika kwa kila kijiwe, na katika kona moja nilivuka mstari wa katikati bila kukusudia. Lori halikuwapo. Jioni ile nilirudisha shokapu za zamani.

Anayeinua nyuma kwa ujuzi hugusa vitu vingine vitatu: anapima upya mnyororo, kwa sababu pembe ya swingamu imebadilika, anarekebisha stendi ya pembeni, ambayo sasa imekuwa fupi, na anaangalia urefu wa mbele. Ukikuta amebadilisha shokapu tu, kazi imeishia nusu.

Gari lililoinuliwa

Kwenye magari, kazi inayopendwa sana kwetu ni spesa. Gari kama Toyota IST linatoka Japani likiwa chini, fundi anaweka kipande juu ya shokapu, bodi inapanda. Si kosa, barabara zetu zinadai. Ila elewa ulichonunua: spesa inainua bodi, haiongezi safari ya shokapu hata kidogo. Safari Rally, iliyoanza 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, inatufundisha tofauti hiyo. Gari la mashindano hayo huinuliwa, lakini hupewa pia shokapu na springi zilizotengenezwa kwa kimo hicho, ili gurudumu liwe na mahali pa kwenda.

Ukipokea gari lako, ingia chini yake. Pinda usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, utazame mipira ya breki: isivutike wala kugusa tairi. Tazama mipira ya sivi jointi, kwa kuwa pembe zake zimeongezeka na mpira uliopasuka huingiza mchanga. Kisha muulize fundi alikaza wapi bolti za mikono ya chini. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, bushi za mpira hujisokota mara gari linaposhuka na huishi hivyo hadi zichanike. Anayejua hushusha gari likae kwa uzito wake, ndipo analala chini na kukaza mara ya mwisho. Na baada ya kuinua lazima alaimenti ipimwe upya. Gari lisilopimwa litakula tairi upande mmoja, na gharama ya tairi itaizidi ya spesa.

Fundi mwenyewe

Tabia ya fundi nayo ni kipimo. Mzuri huuliza kabla ya kushika spana: unapita njia gani, unabeba nini, una uzito gani. Huanza na upepo wa matairi, kwa kuwa tairi lililojaa kupita kiasi linaweza kukufanya uilaumu shokapu bure. Hunyanyua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani taratibu, akisikiliza kama beringi zinakwama katikati. Hulishika gurudumu la nyuma na kulitikisa pembeni kutafuta ulegevu. Mara nyingine atakwambia shokapu yako ni nzima, tatizo ni bushi. Fundi anayekuokolea hela hivyo, mshike.

Malizia kwa kiganja. Endesha kilomita kadhaa kwenye barabara mbaya unayoijua, simama, shuka, gusa shokapu za nyuma, ukiwa mwangalifu na bomba la moshi. Iliyotuliza midundo itakuwa na uvuguvugu. Zote mbili zikilingana, zimegawana kazi. Moja ikiwa baridi wakati mwenzake ina joto, hiyo haitulizi kitu, imebeba tu, na mwenzake anafanya kazi ya wawili. Kijiweni wataendelea kujitupa kwenye siti. Wewe waambie waiachie, kisha wahesabu imepanda mara ngapi.