Mahubiri ya Msiba Nyumbani kwa Capulet

Katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo na Juliet, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597, vijana wawili wa Verona, Italia, wanafia kaburini. Ukiuliza nani mwenye hatia, wengi watajibu: wazazi. Nasi hatuwatetei. Mzee Capulet alitishia kumfukuza bintiye, mtoto ambaye hajafika miaka 14, kwa sababu alikataa kuolewa na Paris. Lakini sisi tuliowekewa mikono kwa kazi ya uchungaji hatuwezi kuwatazama wazazi tu. Yumo humo mtumishi wa Mungu, mtawa wa Kifransisko, Padre Laurence.

Tumtendee haki kwanza. Alifunga ndoa ile ya siri akitumaini kwamba itapatanisha nyumba mbili zenye uhasama. Nia njema kabisa. Ila asubuhi ile ile alikuwa amemwonya Romeo juu ya haraka yake, na siku hiyo hiyo akawafungisha ndoa. Hatumwoni popote akienda kwa wazee wale wawili kuwasihi wapatane. Mzigo wa amani aliwatwika watoto.

Capulet alipoharakisha harusi ya Paris, Padre alikuwa na neno moja la kuizuia: binti huyu ni mke wa mtu, na mimi ndiye niliyewafungisha ndoa. Hakulisema. Akampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42.

Linalotuumiza zaidi ni la asubuhi iliyofuata. Mama analia, yaya analia, baba aliyefoka jana leo amevunjika. Padre anaingia, anawakemea kwa kilio chao, anawaambia kwamba mtoto wao sasa yuko mbinguni, kisha anaagiza apelekwe kanisani. Na huku anajua kwamba yu hai! Sisi ambao tumesimama mara nyingi mbele ya jeneza la mtoto tunajua wafiwa wanavyoyashika maneno hayo. Yeye aliyatumia kama kifuniko cha mpango wake. Na kama kulikuwa na saa ambayo Capulet angeweza kuusikia ukweli, ni ile.

Wako wanaolaumu barua. Ni kweli, ndugu aliyetumwa kwa Romeo kule Mantua alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni, na hilo si kosa la mtu. Lakini kwa nini uhai wa watu wawili ulining'inia kwenye barua moja? Kwa sababu mtumishi aliyemletea Romeo habari za msiba aliamini alichokiona, kama mji mzima.

Vijana hutujia ofisini jioni na kutusihi tusiwaambie wazazi wao. Tunachoambiwa katika toba tunakitunza, hilo halina mjadala. Padre Laurence, hata hivyo, hakuwa akitunza toba ya mtu. Alikuwa akificha tendo lake mwenyewe, na sisi tunaovaa joho tunajua jinsi ilivyo rahisi kuviita vyote viwili kwa jina moja.

Kaburini Juliet anaamka, na mumewe amelala kando yake, amekufa. Padre anasikia walinzi wakija. Anamsihi binti waondoke, anaahidi kumweka kwa watawa wa kike. Juliet anapokataa, yeye anakimbia. Anamwacha peke yake na jambia la Romeo. Msharika anayeijua Yohana 10 atamkumbuka mtu wa mshahara amwonapo mbwa mwitu.

Mbele ya Mtawala wa Verona, Padre anaeleza yote na kujitoa ahukumiwe. Anajibiwa kwamba siku zote amejulikana kuwa mtu mtakatifu. Wazee wawili wanapeana mikono na kuahidiana sanamu za dhahabu. Padre hasemi neno jingine mpaka mwisho.