Mikono Inayomlea Frateri

Upadre wa Kikatoliki ni kati ya kazi chache zilizobaki ambazo pesa wala kujuana haviwezi kuziharakisha. Mvulana wa Singida Mjini anayeanza kidato cha kwanza katika seminari ndogo ya Dung'unyi, kule Ikungi, ana miaka 15 hivi mbele yake: sekondari hadi kidato cha sita, mwaka wa malezi, falsafa, mwaka wa uchungaji nje ya seminari, kisha teolojia miaka 4. Falsafa huweza kumpeleka Kibosho au Ntungamo, na teolojia Kipalapala, Segerea au Peramiho. Njiani wengi huaga. Mlezi anayeijua kazi yake humsaidia kijana atambue mapema kwamba wito wake ni ndoa, akarudi nyumbani kichwa juu, na kwangu mimi hilo ni tunda la malezi sawa na upadrisho wenyewe.

Kanisa limeujenga ufundi huu wa malezi taratibu. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kila jimbo liwe na seminari, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II, katika wosia wa kitume Pastores Dabo Vobis, alitaja nyanja 4 za malezi: utu, roho, akili na uchungaji. Utu aliuita msingi. Frateri, yaani mwanafunzi wa seminari kuu, anaweza kupata alama za juu katika metafizikia na bado walezi wakamsimamisha kwa sababu anawadharau wapishi.

Anayetaka kuuona ufundi huu kwa macho amtazame shemasi anapofanya mazoezi ya Misa, majuma machache kabla ya upadrisho. Kanisa halina watu. Mezani kuna kalisi, patena, hostia zisizowekwa wakfu na Misale iliyofunguliwa. Mlezi amesimama pembeni, mikono nyuma. Shemasi anatia tone la maji katika divai, na mlezi anamwambia arudie, kwa kuwa amemimina. Anajifunza kufunua ukurasa bila kupoteza mstari. Baada ya Komunyo anaipangusa patena juu ya kalisi ili chembe zote ziangukie humo, anatia maji, anakunywa, anafuta kwa kitambaa, anakikunja. Anarudia tangu mwanzo. Anaimba prefasio, sauti inampanda mno, anaanza upya kwa sauti ya chini. Mwamini wa benchi la nyuma hatajua kamwe mambo haya yalirudiwa mara ngapi. Ataona tu Misa inayokwenda kwa utulivu, na moyo wake utasali bila kukwazwa.

Wakati wa likizo malezi huhamia mtaani. Frateri akirudi kwao Mandewa au Unyankindi huripoti kwanza kwa paroko, kisha hufundisha katekesi, husali na jumuiya ndogo ndogo, huwatembelea wagonjwa. Likizo inapoisha, paroko humwandikia gombera, mkuu wa seminari, barua kueleza alivyomwona. Naiheshimu sana barua hiyo ikiandikwa na mtu mkweli.

Ndipo tufike Ulaya, ambako mazungumzo mengi kuhusu mapadre wasomi huanzia. Wapo mafrateri wanaochaguliwa kwenda Chuo cha Urbano, Roma, kilichoanzishwa mwaka 1627, lakini mara nyingi anayetumwa ni padre aliyekwisha kuonja parokia. Laurean Rugambwa wa Bukoba alipadrishwa mwaka 1943, akahudumu kama padre, ndipo akaenda Roma kusomea sheria za Kanisa. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Mpangilio huo una busara yake. Anayekwenda na sura za watu kichwani anajua anasoma kwa ajili ya nani. Huko huanza na Kiitaliano, hukaa darasani na watu wazima wenzake akijifunza vitenzi kama mtoto, kisha huandika tasnifu kwa lugha hiyo. Unyenyekevu huo nao unamlea.

Akirejea, askofu anaweza kumpangia kufundisha seminari au kumpeleka parokia ya vijijini ambako bibi mmoja anaungama kwa Kinyaturu. Uzamivu wake utapimwa na bibi yule: je, alisikilizwa, au aliharakishwa? Mapadre ninaowastahi kuliko wote ni wale ambao usomi wao umewafanya wasikilizaji wazuri zaidi.

Jimbo la Singida lilianzishwa mwaka 1972, na waamini wake wamewasomesha vijana hawa kwa michango ya jumuiya, kwa fedha ya alizeti na ya kuku. Wajibu wetu hauishii kwenye mchango. Kabla ya upadrisho, jina la mtarajiwa husomwa kanisani ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Mara nyingi sisi hupiga makofi na kwenda zetu. Safari ijayo jina likisomwa, na wewe umeishi jirani na kijana huyo, umemwona akiwa na hasira, akiwa na pesa, akiwa na wazee, nenda kwa paroko ukamweleze ukweli wote unaoujua, mzuri na mbaya.